Malalamiko: mabango ya filamu ya kutisha kwenye njia za watoto

Kwa Mkurugenzi wa Matangazo
Nakala: Msambazaji wa filamu husika

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUONDOLEWA KWA MABANGO YA FILAMU YA KUTISHA KATIKA MAENEO YANAYOTUMIWA NA WATOTO

Sisi ni wazazi, walimu wa chekechea na wauguzi wa watoto. Tunalalamikia tangazo la filamu ya kutisha ambalo kampuni yenu imeliweka kwenye vituo vya basi vinavyotumiwa na wanafunzi, kwenye lango la jengo la maduka lenye uwanja wa michezo ya watoto, na kwenye skrini ya chumba cha kusubiri cha kliniki. Filamu yenyewe imepewa daraja la miaka 18. Mtoto wa miaka mitano haruhusiwi kuingia kuitazama hata akishikwa mkono na mzazi wake, lakini picha ile ile inayobeba kitisho chote cha filamu anaipata bure, asubuhi na jioni.

Hatuna ugomvi na filamu za kutisha. Watu wazima wanaozipenda wazitazame. Tunachodai ni kwamba daraja la umri lisiishie mlangoni mwa sinema. Lifuatane na tangazo popote linapokwenda.

Tangazo lenyewe ni uso wa mwanasesere uliojaza bango zima. Ngozi imepasuka kutoka pembe ya mdomo hadi sikioni, macho ni meupe hayana mboni, na yamemkodolea anayetazama. Hakuna hata tone la damu, na bila shaka ndiyo maana lilipita kwenye ukaguzi wenu. Mkaguzi anayehesabu damu na silaha anatazama kwa jicho la mtu mzima. Mtoto mdogo hutishwa kwanza na sura. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, Cynthia Hoffner na Joanne Cantor waliwaonyesha watoto mwanamke mzee katika namna nne: sura nzuri au mbaya, matendo mema au maovu. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliegemea sura yake kuliko watoto wakubwa zaidi, ambao walizingatia zaidi anachotenda. Hivyo damu ikiondolewa na uso ukaachwa, kwa mtoto wa chekechea hakijapungua kitu. Na mkichukua mwanasesere, kitu anacholala nacho kitandani, mkakigeuza kuwa adui, mmemfuata hadi chumbani kwake.

Tunajua jibu linalotolewa mara kwa mara: mzazi amweleze mtoto kwamba ni picha tu. Maelezo hayo humfaa mtoto wa miaka tisa au kumi. Wa miaka minne anaweza kurudia maneno hayo vizuri kabisa, "ni picha tu, si kweli", na usiku akaweweseka vile vile, kwa sababu bado hajaweza kulitumia wazo hilo kuituliza hofu yake. Kinachomsaidia katika umri huo ni kuondolewa mbele ya kinachomtisha, kukumbatiwa na kushikwa mkono. Nyumbani televisheni huzimwa na kitabu hufungwa. Kituoni mtamwondoaje, wakati basi linasimama pale pale?

Vipimo vyenu vinazidisha tatizo. Bango la kituo cha basi lina upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 180, na ukingo wake wa chini uko karibu na magoti ya mtu mzima. Mtoto wa miaka minne ana kimo cha takriban mita moja. Kwa hiyo macho yake yako sambamba na mdomo ule uliopasuka, naye amesimama hatua moja au mbili kutoka kwenye kioo, mbele ya uso uliokuzwa mara saba au nane ya uso wa binadamu. Giza likiingia, taa za ndani ya bango huwaka na uso huo unabaki kuwa kitu chenye mwanga kuliko vyote kituoni. Atakayekagua tangazo hili mezani kwake, kwenye kompyuta, haoni lolote kati ya hayo.

Skrini ya kliniki ni mbaya zaidi. Kwa mpangilio uliozoeleka wa matangazo sita ya sekunde kumi kumi, kila tangazo hurudi baada ya dakika moja. Mtoto anayesubiri chanjo kwa dakika 20 atauona uso huo mara 20, tena akiwa tayari na wasiwasi wa sindano. Humo tangazo si picha iliyotulia: kwa sekunde kadhaa ni chumba kitupu kisicho na sauti, halafu uso unaruka mbele kwa kelele. Kushtuka kwa namna hiyo hakupitii kwenye fikra. Kope hufumba, mabega hupanda na moyo hukimbia kabla mtu hajatambua alichokiona. Hata mtu mzima anayejua kinachokuja hushtuka. Mtoto aliyeshtushwa mara kadhaa huanza kuikwepa sehemu yenyewe, na sehemu hiyo ni kliniki. Tumeona pia kwamba mwisho wa tangazo hilo taa zinawaka na kuzima kwa kasi. Kanuni za utangazaji huonya dhidi ya mimuliko inayozidi mitatu kwa sekunde, kwa sababu inaweza kuamsha kifafa kwa wenye wepesi huo. Japani mwaka 1997 mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya kipindi cha katuni chenye mimuliko ya namna hiyo. Kwa hili peke yake tangazo lilipaswa kuzimwa siku ya kwanza.

Hatusemi kila mtoto anayeona bango huumia. Wengi hulala vibaya siku chache kisha husahau. Lakini Kristen Harrison na Joanne Cantor walipowauliza wanafunzi wa vyuo Marekani, katika utafiti wa mwaka 1999, kuhusu vitisho vya filamu na televisheni walivyoviona wakiwa wadogo, takriban robo walisema bado walibaki na mabaki ya hofu ile. Hao walikuwa wametazama filamu au kipindi. Watoto wetu hawakuchagua chochote.

Wala hatuombi jambo jipya. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 17, unazitaka nchi zihimize miongozo ya kumlinda mtoto dhidi ya habari zinazodhuru ustawi wake. Kanuni ya matangazo ya Uingereza inakataza kusababisha hofu au fadhaa bila sababu ya msingi. Marekani mwaka 2007, kampuni moja ya filamu iliweka mabango yanayoonyesha mateso jijini Los Angeles ilhali chama cha watengenezaji filamu kilikuwa kimeyakataa. Yaliondolewa, na chama kikasimamisha kwa muda kazi ya kuipa filamu hiyo daraja.

Tunaomba skrini ya kliniki izimiwe tangazo hilo leo. Kulitoa kwenye ratiba ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliye ofisini. Mabango ya karatasi yanahitaji mafundi, hivyo tunakubali siku tatu. Mahali pake wekeni toleo lenye jina la filamu, tarehe na daraja la umri kwa maandishi makubwa, bila uso. Skrini za barabarani zinaweza kupangiwa saa, na uso huo, bila sauti na bila mimuliko, usionekane kabla ya saa tatu usiku.

Kwa matangazo yajayo, msipime umbali wa mita 100 kutoka shuleni mkaridhika. Bango kubwa la mita sita kwa tatu huonekana mbali zaidi ya hapo, na lililo mita 60 nyuma ya jengo huenda lisionekane kabisa. Pimeni kwa jicho: tembeeni njia wanayopita watoto hadi langoni, mkipiga picha kila bango kamera ikiwa kwenye kimo cha mita moja. Picha hizo ziambatanishwe kwenye fomu ya idhini, na aidhinishe mtu anayefahamu makuzi ya watoto, asiwe ofisa mauzo peke yake. Chekechea, kliniki za watoto, maktaba, viwanja vya michezo na vituo vya basi la shule viingizwe kwenye mfumo wenu kama maeneo yasiyopokea tangazo la filamu yoyote ya daraja la miaka 15 au zaidi lenye picha ya kutisha.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, pamoja na orodha ya mabango na skrini zote zilizobeba tangazo hili na tarehe lilipoondolewa kwenye kila moja. Tusipolipata, tutawasilisha malalamiko haya kwa mamlaka inayosimamia matangazo, pamoja na picha na vipimo tulivyochukua.

Wenu,

Wazazi, walimu wa chekechea na wauguzi wa watoto