Kwa wazazi vijana wa Kilugbara: mwulizeni bibi kabla ya kubatiza

Wanangu wa Arua, Maracha na Terego kule Uganda, na ninyi wa upande wetu wa Kongo, wa Aru na Ariwara,

Nawasalimu katika jina la Bwana. Nimekasirika, basi mnivumilie.

Jumapili moja nilimwona mama akileta binti yake kubatizwa. Mhubiri akauliza jina, mama akajibu: Draru. Mhubiri akasema mbele ya watu wote kwamba hilo ni jina la kifo, ni laana, haliingii nyumbani mwa Mungu. Papo hapo akampa mtoto jina la Kizungu ambalo mama mwenyewe alishindwa kulitamka. Bibi aliyempa mtoto jina alikuwa benchi la pili. Hakuulizwa neno. Alivuta kitenge chake mabegani, akatazama chini mpaka ibada ikaisha.

Kwetu mtoto akizaliwa nyumba ikiwa na msiba, wa kiume huitwa Drani, wa kike Draru. Wa wakati wa dhiki ni Candia au Candiru. Wa wakati wa ufukara, Alioni. Mara nyingi mama au bibi ndiye hutoa jina. Mwanamke aliyeolewa katika ukoo wa watu hakuwa na baraza la kupeleka malalamiko yake, akayaweka kwenye jina la mtoto, na ukoo mzima ukalazimika kuyatamka kila siku. Leo mtu anakuja na Biblia mkononi kumnyang'anya hata hilo?

Fungueni Biblia hiyo hiyo. Raheli akiwa anakata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Mke wa mwana wa kuhani Eli alimwita wake Ikabodi, kwa kuwa utukufu umeondoka Israeli. Mama yake Yabesi alimpa jina hilo kwa sababu alimzaa kwa huzuni, na Yabesi alipoomba, Mungu alimjibu akiwa na jina lilelile. Wote watatu walipewa majina na mama zao! Mtaniambia Yakobo alimgeuza Benoni kuwa Benyamini. Ndiyo, lakini Yakobo alikuwa baba, aliyemzika Raheli kwa mikono yake. Hakuwa mgeni mwenye kipaza sauti.

Sisemi kila jina libaki. Yapo yanayomnyooshea jirani kidole kwa uchawi, na mtoto hastahili kubebeshwa ugomvi wa watu wazima. Mkitaka kuliacha jina la namna hiyo nawaunga mkono, ila mzungumze nyumbani kwanza.

Wakatoliki nanyi msidanganywe. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka paroko ahimize jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia lao, aliongeza la mtakatifu na kuandika yote mawili daftarini. Hata wakati ule la wazazi halikufutwa. Ile ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Tangu lini huzuni ikawa geni kwa watu wa Msalaba? Askofu Frederick Drandua aliliongoza jimbo la Arua tangu 1986 hadi 2009, na jina la kwao hakulivua.

Wazee wetu walipoipokea Injili walitunga wenyewe majina ya imani: Munguci, Mungufeni. Hawakuagizwa na mtu.

Mengine kwa ufupi. Karani akikosea herufi, mkatae cheti mpaka asahihishe. Ofisi na shule ziache kuwasumbua ndugu wa tumbo moja kwa sababu majina yao hayafanani, ndivyo tulivyo. Msimpe mtoto jina la mcheza filamu.

Na ninyi makatekista: mafundisho ya wazazi kabla ya ubatizo yapo tayari, ongezeni siku ya majina. Aliyempa mtoto jina awepo, aeleze kisa chake. Akikubali libadilishwe, yeye ndiye atoe jipya.