Malalamiko: Mmenibadilishia pampu ya mafuta wakati ugonjwa ulikuwa oili kwenye shimo la plagi

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja
Makao Makuu, Dar es Salaam

Habari za kazi ndugu meneja,

Naandika kuhusu tawi la gereji yenu hapa Tanga mjini. Nimeshaenda pale mara tatu na kila nikienda naambiwa bosi katoka, mara yuko Dar, mara kaenda kuswali, sasa nikaona bora niwaandikie nyie wakubwa wenyewe. Mnisamehe nikiandika kama naongea, nimekasirika ila siyo mgomvi.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, ile yenye distributa ya kugawia plagi umeme. Ndiyo, ni ya zamani, najua, kijana wenu wa kaunta alinikumbusha mara nne, "mama hii gari imechoka, uza tu". Mimi ni mpishi, asubuhi napeleka maandazi, chapati na sambusa kwenye kantini za maofisi na wikiendi nachukua oda za shughuli, hiyo gari ndo inanilisha na wanangu kwa hiyo habari ya kuuza aniachie mwenyewe.

Mwezi uliopita ikaanza kumisi. Ukisimama silensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, inatetemeka mpaka kioo cha ndani huoni kitu, eksozi inalia pu, pu pu, pu, kama mtu mwenye kwikwi, harufu ya petroli kali, na ukikanyaga inavuta kwa kusitasita. Taa ya cheki injini haikuwaka hata siku moja. Nikaja kwenu kwa sababu mna bango kubwa barabarani la kupima gari kwa kompyuta.

Mkapima, 30,000. Kompyuta haikuona kitu. Mimi nikajua sasa ndo mafundi wataanza kutafuta, kumbe ndo wamemaliza, fundi akasema kama kompyuta haioni basi ni mafuta, pampu imekufa na nozeli zinazonyunyizia petroli zimeziba. Pampu 180,000, kusafisha nozeli 80,000, plagi nne 60,000, ufundi 70,000. Jumla na hiyo ya kompyuta 420,000, nikalipa kwa simu, na risiti ya EFD mliyonipa imeandikwa "huduma ya gari" basi, hakuna pampu hakuna plagi, kama vile nimekuja kuoshewa. Na Tanga wanasema waja leo waondoka leo, gari yangu kwenu ilikaa siku tano.

Ilivyotoka kweli ilikuwa na nafuu, siyo uongo. Siku kama mbili tatu. Halafu Jumamosi nina oda ya harusi Pangani, nimepakia masufuria mawili ya biriani, ndoo ya kachumbari, na msaidizi wangu kapakata keki. Hatujafika Kigombe gari ikaanza tena kwikwi, mbaya kuliko mwanzo, nakanyaga mpaka chini inakwenda kama bajaji iliyobeba saruji. Tulifika wageni wameshakaa, mama wa bwana harusi hakunisemesha mpaka naondoka, na pesa yangu iliyobaki wamenikata. Hiyo siwadai nyie, ila nataka mjue.

Jumatatu nikaipeleka Makorora kwa fundi mmoja mtu mzima, wote tunamwita Babu, gereji yake ni mkungu na benchi. Hana kompyuta. Nimekaa pale kwenye benchi nikaangalia mwanzo mpaka mwisho kwa hiyo hii siyo hadithi ya kuambiwa.

Akawasha gari, akaiacha silensa, akachukua koleo yenye mpira akawa anachomoa waya wa plagi mmoja anarudisha, anachomoa mwingine anarudisha. Akichomoa wa kwanza injini inayumba, wa pili inayumba, wa nne inayumba. Wa tatu akauchomoa injini wala haikushtuka, ikaendelea vilevile. Akaniangalia akasema, "umesikia mwanangu? Huyu alikuwa amelala siku nyingi." Dakika mbili hazikufika.

Akazima. Akaivuta ile kofia ya waya wa tatu taratibu, ikatoka inachuruzika oili, nyeusi, imelainika kama mpira uliolowekwa. Akamulika na simu ndani ya lile shimo plagi inapokaa, oili imejaa imefunika plagi mpaka shingoni. Alipoitoa ile plagi, plagi YENU mpya ya siku chache, kwenye kile kigae cheupe kuna kamstari keusi kembamba kama unywele kutoka juu mpaka chini. Babu akasema umeme mkubwa ukikosa njia unatambaa nje ya kigae unakimbilia kwenye bodi, na ukishachora ule mstari basi kila siku utapita hapohapo. Waya akaupima na mita, ile mitatu inasoma vizuri, alisema waya wa Toyota usizidi kilo-omu 25, huu wa tatu haukusoma kabisa. Akapima na kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, nisije nikamlaumu baadaye, silinda zote nne zinakaribiana, yaani injini yenyewe nzima.

Oili ilitoka wapi? Kwenye sili za yale mashimo ya plagi chini ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, zimekauka kwa uzee zimekuwa ngumu kama kucha. Gasketi na sili zake 35,000, seti ya waya yuzdi ya Japani 40,000, ufundi 30,000. Plagi ya tatu alinipa ya kwake bure. 105,000 na saa nne tu, na leo ni wiki ya tatu gari imetulia, ukiweka glasi ya chai juu ya injini haimwagiki.

Sasa ndugu meneja naomba unisaidie kufikiri, maana mimi siyo fundi. Pampu ya mafuta ni moja, inapeleka petroli kwa silinda zote nne kwa pamoja. Ingekuwa imekufa si wangelala wote? Inakuwaje anyimwe mmoja tu? Hata chungu kimoja cha uji ukiwagawia watoto wanne huwezi kusema jiko ndo limemnyima yule wa tatu.

Hilo naweza kusema ni kukosea, binadamu tunakosea. Lakini kuna hili ambalo silali: nyie mlibadilisha plagi zote nne. Huwezi kufunga plagi mpya kwenye 5A bila kuchomoa ile kofia na kuingiza spana kwenye lile shimo. Kwa hiyo fundi wenu aliishika ile kofia imelowa, spana yake ilitoka na oili, na plagi ya zamani ilitoka na oili. Aliona. Akaitumbukiza plagi mpya humohumo kwenye oili, akarudishia waya uleule uliolainika, akafunga boneti akaniandikia pampu. Ile nafuu ya siku tatu ilikuwa ni kigae kipya kabla hakijachorwa mstari. Na kijana wenu nilipompelekea hiyo plagi hata kuishika hakutaka, akasema "mama injini za zamani zote zinavuja oili". Haya, zinavuja, sasa mbona hukuniambia?

Babu ananiambia pia nimshukuru Mungu masega ya eksozi, yale ya kusafisha moshi, hayajaungua kwa petroli mbichi iliyokuwa inapita, maana siku zote hizo nimeendesha nikijua gari imetengenezwa.

Ninachotaka. Plagi nakubali nilinunua, 60,000 kaeni nayo, na kompyuta pia basi, mlipima. Pampu 180,000 na nozeli 80,000 nirudishiwe, 260,000, na ule ufundi wa 70,000 mnikatie nusu. Pampu yenu nitaifungua niwarudishie, na nyie mnirudishie ya kwangu ya Denso mliyobaki nayo, sikuwaambia mtupe na hamkuniuliza. Na risiti iandikwe upya, kila kitu na bei yake.

Nawapa siku 14. Mkikaa kimya nitapeleka kwa Tume ya Ushindani, FCC, mwanangu kanisomea ile sheria ya mwaka 2003 na inamlinda mteja anayedanganywa kuhusu huduma.

Gari ipo nyumbani, mkitaka kuja kuiangalia njooni baada ya saa sita mchana nikishamaliza kantini. Ile plagi ya tatu na waya wake nimevitunza kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, Babu kaniambia nisivifute, na sijavifuta.

Mteja wenu,
Tanga