Kwa wanangu wa go-kati, vile vigari vidogo vya mashindano, na wazazi wao

Wanangu,

Jumamosi iliyopita nilikaa kando ya ukuta wa matairi, nikawatazama mkishindana. Kijana wa miaka kama 12 akakosa kona, akashuka na kurusha helmeti mchangani: "Mashine mbovu!" Babake akaja mbio, akamfokea fundi mbele ya watu. Nikamwuliza mtoto taratibu: ilikataa ukiingia kona au ukitoka? Nyuma iliteleza, ama mbele ndiko kulikogoma kugeuka? Kimya. Keshashika simu, ajitazama kwenye video.

Hilo limeniwasha mpaka leo.

Go-kati haina difu, kile kifaa kinachoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili huzunguka sawasawa, kwa hivyo kwenye kona lile la ndani sharti liinuke kidogo. Lisipoinuka, mashine itang'ang'ania kwenda mbele. Springi pia haina, chesisi yenyewe, yaani fremu, ndiyo hupinda. Sogeza kiti kidogo, au punguza upepo wa tairi, na mwenendo wote umebadilika. Sasa fundi atajuaje la kugusa, ikiwa aliyekuwa juu yake hana la kusema? Joginder Singh, mshindi wa Safari Rally 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kwanza. Alishika spana kabla ya kushika kombe. Nyinyi hata nati hamzijui, na hizo glavu nyeupe kama za bwana harusi!

Mengine nayapita mbio. Shule msiache. Laleni mapema. Barabara ya Nyali usiku si kiwanja.

Nanyi wazazi, kila siku Hamilton, kila siku Verstappen, hao mabingwa wa Formula 1, mbio kubwa za magari. Ni kweli, Hamilton alianza na miaka 8, babake akihangaika na kazi zaidi ya moja, timu ya McLaren wakamchukua 1998. Verstappen alikuwa bingwa wa dunia wa go-kati 2013, na 2015 akaingia Formula 1 na miaka 17, ndipo sheria ikawekwa ya miaka 18. Waliorudi makwao na madeni mbona hamwataji? Wazazi wa Esteban Ocon, dereva mwingine wa Formula 1, waliuza nyumba wakahamia karavani. Yeye alifika. Wako asipofika, mtalala wapi? Mtoto anayeijua mashine atapata riziki hata bila kombe, na kwetu mlango wa karibu ni rali: Mkenya McRae Kimathi 2022 alikuwa kwenye rali ya Sweden, akiendesha juu ya theluji. Lakini wakubwa wetu, picha za Safari Rally kule Naivasha wazijua. Uwanja wa watoto wa Mombasa ukiutaja, wote viziwi.

Wewe wa helmeti, niliiokota nikaipangusa. Ina ufa upande wa kushoto, usiivae tena. Mwambie babako anunue nyingine kabla ya hayo matairi mapya, na Jumamosi uje na daftari. Nitakuwa palepale ukutani.