Kuzimu siko Motoni

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi kidogo juu ya neno linaloonewa kila siku magazetini na kwenye tafsiri zinazopita chini ya filamu: kuzimu. Kila penye hell ya Kiingereza, mfasiri huweka kuzimu, akapita zake.

Kuzimu ni Kibantu kitupu. Shina lake ni -zimu, lilelile la mzimu na mizimu. Wakamba nao wana aimu, na wote tunazungumzia roho za waliokufa. Ile ku- ya mbele ni ya mahali. Basi kuzimu ni kwa wafu, wema na waovu pamoja, chini, gizani. Hakuna hukumu wala kuni. (Na wanaoandika "kuzimuni" waache: mahali pameshatajwa mbele, -ni ya nini tena?) Anayefukiza ubani kwenye pango lenye mzimu huko Kusini Unguja hapeleki salamu Motoni.

Jahanamu imetoka kwengine kabisa, tena mahali penyewe papo hadi leo. Kusini ya Yerusalemu ya kale kuna bonde, kwa Kiebrania Ge Hinnom, bonde la Hinomu. Biblia inasimulia kuwa hapo watoto walichomwa kafara kwa Moleki, mungu wa kipagani, mpaka mfalme Yosia akapanajisi pasitumike tena. Jina likawa la adhabu. Wagiriki wakatamka Geenna, Waarabu Jahannam, nasi tukalitia u mwishoni. Qur'ani imelitaja mara 77, na Sura ya Al-Hijr, aya ya 44, inasema ina milango saba.

Mfasiri ana udhuru nusu. Hell yenyewe ilianza kama kuzimu: asili yake, katika lugha ya kale iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, ni kuficha, kufunika, na kwa watu wa kaskazini ya Ulaya Hel palikuwa makao ya waliokufa kwa maradhi na uzee. Kisha Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikatumia neno hilo moja kwa Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kigiriki, yote makao ya wafu, na kwa Geenna, vyote chungu kimoja. Biblia ya Kiswahili haikufuata. Kwenye Geenna imeweka jehanum, kwenye Sheoli na Hadesi imeweka kuzimu. Kweli, tajiri wa Luka 16 anateseka kwa moto akiwa kuzimu, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Lakini wasome na Ufunuo 20:14: Mauti na Kuzimu zinatupwa katika ziwa la moto. Kitu hakitupwi ndani ya nafsi yake.

Kwa msomaji Muislamu, kinachokaribia kuzimu ni barzakhi, kati ya kufa na kufufuliwa. Ahera ni pana zaidi, Pepo na Moto zote zimo.

Kwa hiyo penye adhabu andikeni jahanamu au Motoni. Penye makao ya wafu, kuzimu. Na penye matusi, msiandike lolote kati ya hayo. "Nenda kuzimu!" hakuna Mpemba aliyewahi kumwambia mwenzake, husema "Potelea mbali!" Na aliyepata taabu kubwa hakupitia kuzimu, amekiona cha mtema kuni.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba