Mwanangu, usitupe maganda ya machungwa

Mama yangu, habari za huko Dundee, Scotland. Nakuita mama juu umebeba jina la mama yangu na hata ukiwa na wajukuu bado nitakuita hivyo. Sisi huku Nakuru tuko salama, jua ni kali, vumbi ya Free Area imeanza, mamako ameenda Top Market kununua vitu za sikukuu kabla bei ipande na mimi nimebaki hapa mezani, yale maneno yako ya juzi kwa simu hayajanitoka. Ulisema huko giza linaingia saa tisa na nusu, unatoka wodini kumeshakuwa usiku, Krismasi yenyewe uko zamu, halafu ukaniuliza zile biskuti za machungwa nilikuwa naoka kule bekari zinatengenezwa aje ndio uwapelekee wenzako kazini. Nilikujibu vibaya, nilisema ni siagi na unga tu basi. Mtu hawezi kuoka miaka yote hiyo halafu amwambie mtoto wake maneno mawili. Wacha nikujibu sasa.

Kwanza ujue hiyo biskuti yangu inaitwa shotibredi, ni biskuti ya siagi, na uko nayo nyumbani kwao. Ni ya Waskoti, wanaila sana Krismasi na mwaka mpya, na usiku wa mwaka mpya wako na mila ya kubishia jirani hodi baada ya saa sita na kitu mkononi, saa zingine ni makaa ya mawe, saa zingine ni hiyo shotibredi. Na Dundee yenyewe imejulikana zaidi ya miaka 200 kwa jemu ya machungwa. Kwa hivyo machungwa na siagi si kitu kigeni hapo. Iliki na karafuu ndio utawaletea wewe.

Kipimo hakisumbui, ni moja mbili tatu. Sukari gramu 100, siagi 200, unga 300. Mizani ndogo ya jikoni nunua, usipime na kikombe, kikombe kinadanganya. Kwa ule unga toa gramu 50 uweke unga wa mchele mahali pake, unafanya biskuti imeguke vizuri. Haina mayai, haina baking powder, haina maziwa.

Siagi sasa nisikilize. Huku kwetu mtu akisema siagi anamaanisha Blue Band na hiyo ni majarini, ni mafuta ya mimea, kwa mkate wa chai hakuna shida lakini kwa hii hapana, hii inataka siagi ya maziwa kabisa, ile isiyo na chumvi, halafu chumvi unatia mwenyewe kidogo kwa ncha ya vidole. Ukiuma biskuti utaionja hiyo siagi, hakuna mahali pa kuificha. Huko ni baridi kwa hivyo itoe kwa friji mapema, ikae mpaka kidole kizame kidogo lakini isiyeyuke.

Halafu machungwa. Unakumbuka ya huku vile yanakuwa kijani hata yakiwa yameiva, ni kwa sababu kule yanakolimwa usiku hauna baridi ya kutosha kuondoa hiyo kijani. Ya huko yatakuwa rangi kabisa, mengi yanatoka Spain na Desemba ndio msimu wao, kwa hivyo umepata wakati mzuri kuliko hata mimi. Lakini mengi yamepakwa nta ndio yang'ae dukani, kwa hivyo yaoshe na maji moto uyasugue na brashi uyapanguse yakauke. Chukua mawili na limau moja. Ukitumia greta, kwaruza ile rangi ya juu peke yake, pita mara moja halafu geuza, ukifika kwa ile nyeupe wacha hapo hapo juu nyeupe ni chungu na uchungu wake hautoki hata uweke sukari namna gani.

Sasa hapa ndipo nataka uende polepole. Hayo maganda uliyokwaruza usiyatupe ndani ya unga hivi hivi. Yaweke kwa sukari, osha mikono, halafu sugua sukari na ganda kati ya vidole, kama mtu anayehesabu pesa za noti. Dakika mbili tatu. Utaona sukari inaanza kulowa, inakuwa kama mchanga wa ziwani asubuhi, rangi inageuka, na harufu inatoka ghafla inajaza jikoni lote. Ni mafuta ya ganda yanatoka, harufu ya chungwa iko kwa ganda, kwa maji yake ni kidogo sana. Shosho yako hakuwahi kuoka biskuti hata moja maishani lakini alikuwa anakausha maganda ya machungwa juu ya jiko anaweka kwa chai, na vidole vyake vilikuwa vinanukia hivyo jioni yote. Mimi nilijua hiyo harufu kabla nijue bekari ni nini.

Iliki chukua punje kama nane, pasua utoe zile mbegu nyeusi uzitwange mwenyewe, ya unga ya dukani imeshapoteza nguvu. Karafuu mbili tu, isizidi, karafuu ikizidi biskuti inakuwa kama dawa ya meno. Mdalasini nusu kijiko cha chai. Tafuta duka la Wahindi au Wapakistani hapo mjini, iliki huwa bei nafuu kuliko supamaketi.

Changanya siagi na ile sukari mpaka zishikane tu, halafu mimina unga na viungo, kusanya na vidole. Usikande. Nakuambia hivi juu mimi nilikanda. Ile Desemba uliyozaliwa ndio nilitolewa kwa mikate nikapelekwa upande wa biskuti, na mikono yangu ilijua mkate pekee, nikaukanda ule unga kama boflo, trei kumi zikatoka ngumu kama kokoto na zote zikakatwa kwa mshahara wangu, mwezi ambao nyumbani kuna mtoto mchanga. Fundi mzee wa pale ndiye alinionyesha. Unga wa ngano ukipata maji na ukandwe unafanya nyuzi, ndio mkate unavutika, lakini siagi inaufunika unga ndio hizo nyuzi zisishikane, na wewe ukikanda unazilazimisha zishikane. Akanishika mkono akaniambia shika kama unashika huyo mtoto wako. Nimeshika hivyo mpaka nikastaafu.

Ukishapata donge lifunge kwa karatasi uweke kwa friji nusu saa. Sukuma na chupa kama huna kifimbo cha chapati, unene wa nusu sentimita, kata na mdomo wa glasi, dunga dunga na uma. Oveni 160, washa mapema. Dakika 18 hivi lakini usiangalie saa sana, angalia ukingo. Ukingo ukianza kuwa rangi ya majani makavu na katikati bado ni nyeupe, toa. Zitakuwa laini utadhani hazijaiva, usizirudishe na usiziguse dakika kumi, zinakazana zikipoa. Zikishapoa weka kwa kopo la kufunga, za kesho yake ni tamu kuliko za leo, viungo vinakuwa vimeingia.

Kuna kitu kingine. Zile Desemba zote ulikuwa mdogo mimi sikuwa nyumbani usiku, bekari ilikuwa inachoma mpaka asubuhi juu ya oda za sikukuu, na nikija nilikuwa na mfuko wa karatasi ndani ya koti, unaukimbilia mlangoni. Vilikuwa vipande. Zilizovunjika ndizo tuliruhusiwa kubeba, nzima zilikuwa za wateja. Wewe ulikua ukidhani biskuti huwa inatengenezwa ikiwa imevunjika, siku moja ukaona nzima kwa duka ukamuuliza mamako hiyo ni nini. Mamako alicheka, mimi nilienda nyuma ya nyumba nikakaa kidogo.

Kwa hivyo oka nzima, mama. Hesabu hiyo inatoa kama 35, peleka wodini 30 na tano uweke zako usimpe mtu. Jumapili ukiwa off ndio ujaribu. Huku tuko mbele yenu masaa matatu lakini usijali, hata ikiwa saa saba ya usiku nipigie video ukitoa trei ya kwanza, zikishapoa ugeuze moja nione chini yake.

Ni mimi babako.