Usizime kabla ngoma haijapanda

Vienna, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Wazima hapo Tanga? Mie sijambo, ila baridi. Nisamehe kwa kimya, miezi minne si mchezo.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ule muziki niliokutumia hautoi kitu, ukadhani simu imekufa spika. Haijafa! Ndivyo unavyoanza: ngoma kubwa inaguswa chini kabisa, na kengele nzito, kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala. Vaa visikilizio, ukae peke yako.

Mtunzi ni Anton Webern. Mama yake alifariki 1906, na 1909 akaandika vipande 6 vya okestra. Hicho nilichokutumia ni cha nne, mwendo wa jeneza. Hakina maqamu, ile ngazi ya sauti, ya kushika. Kwenye taarabu hata fidla izurure vipi, unajua itatua wapi, hapa haitui. Vilipopigwa mara ya kwanza, hapahapa Vienna, tarehe 31 Machi 1913, mwalimu wake Arnold Schoenberg akiongoza, onyesho lile lilivunjika kwa ngumi. Nyimbo za mtunzi mwenzake, Alban Berg, ndizo zilizowasha moto zaidi, lakini hilo tutaongea siku nyingine.

Ninachotaka kukwambia ni habari ya Mama. Maziko yalinipita. Nyie mlilia pamoja, mkasoma hitima. Mimi nilikuwa ndani ya tramu nimeshika simu. Chozi halikutoka, mwaka mzima. Basi juzi nikasikiliza kipande hicho. Vipulizo vinaanza neno, vinaliacha. Mwishoni ngoma zinapanda, zinapanda, mpaka nikashikilia kiti, halafu kata! Kimya. Nililia, Mwana, mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Ndiyo maana inaniuma watu wakisema muziki huu ni hesabu tupu. Hesabu gani inamliza mtu hivyo? Na Webern ilimchukua miaka mitatu kumlilia mama yake, mimi hata miwili haijatimia.

Kwa hiyo rudia, usizime kabla ngoma hazijapanda. Wewe mpiga dumbaki, niambie: ule mkato wa mwisho unausikia kama mlango unafungwa, au? Bi Zuhura bado kanuna? Mdogo wako kapata kazi bandarini? Na ule mrehani wa kaburini kwa Mama, umeshika? Nani anaumwagilia?

Wako,
Saumu