Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanajumuiya: Kazi za Mazingira Chuoni na Shehia za Jirani, Pemba, 2024/2025

Assalaam alaykum.

Mlezi wa jumuiya, wazee wetu kutoka shehia za jirani, wanajumuiya wenzangu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti, kila mwaka wa masomo unapokwisha, awaeleze wanachama jumuiya imefanya nini. Nitaanza na mikoko, kwani huko ndiko nguvu zetu nyingi zilikokwenda. Mengine nitayapitia kwa haraka, na hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Siku ya Mikoko Duniani, tarehe 26 Julai, mwaka huu iliangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mwezi ulikuwa mchanga, maji yakapwa mbali, tukapata asubuhi nzima ya kufanya kazi matopeni bila ya kukimbizwa na bahari. Wengi mlikuja mkitarajia kupanda miche, kama ilivyozoeleka. Badala yake mlikabidhiwa majembe na machepe. Baadhi yenu mliuliza kwa nini, na mna haki ya kujibiwa.

Kile kipande cha msitu kilicho nyuma ya njia ya kwendea diko, wavuvi wanakoshushia samaki, kilikuwa kinakauka kimesimama. Wapitao njia walidhani kimekatwa ovyo. Bibi mmoja wa shehia, ambaye amekuwa akienda pwani kuokota chaza na kombe tangu utoto wake, ndiye aliyetueleza kwamba zamani maji yalikuwa yakiingia na kutoka kwa mkondo mmoja mwembamba, na mkondo huo ukafukiwa na tuta la udongo lililowekwa kukinga shamba la mpunga. Mpunga haulimwi tena pale, ila tuta limebaki, na nyuma yake maji yanatuama. Mikoko hustahimili chumvi, lakini mizizi yake lazima ipate hewa maji yanapokupwa. Mchu, kwa mfano, ambao ni aina mojawapo ya mikoko, huchomoza vijiti vya kupumulia juu ya tope. Vikizama wiki baada ya wiki, mti unakosa pumzi na kufa. Pale pangepandwa miche kwa maelfu, na yote ingekufa.

Kwa hiyo kazi ya siku ile ilikuwa kufungua mkondo. Sheha na kamati ya uhifadhi ya shehia walikuwapo tangu asubuhi, na ridhaa ilikwisha kutolewa kabla hatujagusa udongo. Hilo nalitilia mkazo. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 inatambua mikataba ya wanajamii kusimamia misitu yao, na sisi wa chuo ni wageni katika misitu hiyo hata tukiwa na shahada ngapi. Bonde la pili bado linalimwa mpunga, na tuta lake halikuguswa wala halitaguswa. Kila mtu Pemba anajua yaliyowafika ndugu zetu wa Kisiwa Panza, ambako maji ya chumvi yameingia mashambani. Anayetegemea bonde kwa chakula cha watoto wake hawezi kuambiwa kwamba tuta lake ni adui wa mazingira.

Kupanda tulipanda, mwishoni na kwa uchache, sehemu ambazo wazee walitukubalia. Mikoko ina aina zake, na kila aina ina mpaka wake. Mlilana hukaa mbele, unakabili bahari. Nyuma yake ni ule wenyewe uitwao mkoko, wenye mizizi mirefu ya kujishikiza. Kisha msinzi na mkandaa. Na mchu aghalabu hujisogeza upande wa nchi kavu. Yote huhitaji ardhi ambayo bahari huifunika na kuiachia, nayo ni ile sehemu ya juu baina ya kupwa na kujaa. Chini ya hapo, kwenye tope lililo wazi ambalo maji hayaondoki ila kwa muda mfupi, mche hauishi. Lakini mbegu ya mkoko inashawishi: inaota ingali juu ya mti, ni ndefu, inachomekwa kwenye tope kwa mkono mmoja, na tope lililo wazi halina mtu wa kukuzuia. Wepesi huo ndio unaoponza shughuli nyingi za upandaji, hapa kwetu na pwani nyingine za dunia. Nawaomba wote mtakaoalikwa kupanda mikoko, popote pale, muulize kwanza: hapa paliwahi kuwa na mikoko? Kama paliwahi kuwapo, iliondoshwa na nini? Kama haikuwapo kamwe, kwa nini ikae sasa?

Tangu mkondo ufunguliwe, maji yanatembea, na mbegu zimeanza kuingia zenyewe. Baada ya kila bamvua kuna zamu ya kwenda kutazama kama mchanga haujaziba tena, na kuondoa vipande vya nyavu vya nailoni vinavyojifunga kwenye miche. Zamu hiyo inaongozwa na akina mama wa shehia, si sisi. Ndivyo inavyotakiwa. Chuo kikifungwa, wanafunzi wanatawanyika Unguja, Tanga, Dar es Salaam, bahari haifungi. Shukrani zangu kwa akina mama hao hazina kipimo, na ningependa ziandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano huu.

Jambo la pili ni la Ramadhani. Siku ya Kimataifa ya Taka Sifuri, 30 Machi, mwaka huu iliangukia ukingoni mwa mwezi mtukufu, wakati wa heka heka za Idd. Kamati ikaona ni bora kuitekeleza ndani ya Ramadhani yenyewe, katika futari ya pamoja ya chuo. Anayekumbuka futari za miaka iliyopita anakumbuka pia uwanja ulivyokuwa baada ya sala ya Magharibi: sahani za kutupa, vikombe vya plastiki, chupa za maji zilizonywewa nusu. Na Zanzibar ni nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara. Mifuko tuliiacha, tukakaribisha sahani.

Mwaka huu tuliazima vyombo vya shughuli kutoka kwa kikundi cha akina mama wa mtaani, vile vinavyotumika harusini na katika maulidi. Majimbi, muhogo wa nazi na tambi viliwekwa kwenye masinia, watu wakakaa kwa makundi kama tulivyolelewa. Maji na maji ya ukwaju yalitoka kwenye madumu makubwa, na kila aliyekuja alitakiwa aje na kikombe chake. Wapo waliosahau, wakaazimana. Kuosha kuligawiwa kwa zamu, wanaume na wanawake, na nataka kuwasifu vijana wa mwaka wa kwanza waliobaki kwenye mabomba mpaka ilipoadhiniwa Isha. Taka zilizobaki zilikuwa maganda na kokwa za tende. Maganda yalikwenda kwenye shimo la mboji nyuma ya kantini, pamoja na machicha ya nazi ambayo kantini sasa inatupatia kila siku. Katika yote tuliyoyafanya, hili ndilo lililokuwa rahisi zaidi na lililopokelewa vizuri zaidi, na naamini sababu ni kwamba hatukumfundisha mtu jambo geni. Sinia tunalo tangu zamani.

Siku ya Mazingira Duniani huadhimishwa tarehe 5 Juni tangu mwaka 1973, na ujumbe wa mwaka huu ulikuwa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Iliangukia siku za Arafa, wengi wakiwa wamefunga au wako safarini kwenda makwao kwa Idd el Hajj, hivyo usafishaji wa ufukwe tuliufanya mapema kabla ya hapo. Waliojitokeza walikuwa wengi. Kilichookotwa ni kilekile: chupa, kandambili, nyuzi za uvuvi, maboya yaliyovunjika. Vingine ni vya kwetu na vingine vimeletwa na mikondo ya bahari kutoka mbali.

Lakini kuna jambo lazima niliseme. Magunia yaliyojazwa siku ile yalikaa pembezoni mwa ufukwe kwa muda mrefu, kwa sababu gari la taka tuliloahidiwa halikuja. Kuku wakayachana, upepo wa kusi ukamaliza kazi. Wanafunzi waliopita pale na kuyaona waliumia, nami niliumia. Hatimaye wavuvi wa dikoni walitusaidia kwa gari la ng'ombe, na chupa zilizochambuliwa zikachukuliwa na mnunuzi wa chakavu. Msimamo wangu ni kwamba jumuiya isiitishe tena usafishaji wowote kabla ya kujua taka zitaondoka kwa chombo gani, siku gani, na zitakwenda wapi. Kuokota taka na kuziacha ndani ya gunia ufukweni ni kuzihamisha hatua chache tu.

Matembezi ya Kidike, kwenda kuwatazama popo, yalikuwa ya jioni moja, hayakuhitaji bango wala fulana, na yaligharimu nauli na kiingilio tu. Popo wa Pemba hapatikani popote duniani ila katika kisiwa hiki. Miaka ya 1990 uwindaji na ukataji wa misitu ulikuwa umempunguza mpaka ikahofiwa atatoweka, na watu wa Kidike ni miongoni mwa walioamua kumlinda. Wageni hulipa, na fedha hizo huwanufaisha wenyeji. Kwa wale wanaosomea ualimu, kuwaona popo wakiruka kabla ya giza kwenda kutafuta matunda, na kuelezwa na mwenyeji jinsi wanavyosambaza mbegu za miti ya msituni, lilikuwa somo la baiolojia ambalo darasani halipatikani. Msitu wa Ngezi tulikuwa tumeupanga pia, ila mitihani iliingilia. Namuomba atakayekuja auweke mwanzoni mwa mwaka.

Kitalu cha miche kinaendelea vizuri. Tumeacha kununua viriba vipya vya plastiki. Tunatumia vifuu, makopo na viriba vya zamani vilivyooshwa. Kampeni ya kuzima taa na feni mabwenini haikwenda mbali. Wanachama wengi ni vijana mno kukumbuka Pemba ya majenereta ya dizeli, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kuanza kutuletea umeme mwaka 2010, na pengine ndiyo maana swichi haina uzito mkononi mwao. Wazee waliopo hapa wangeweza kutusaidia kwa kutusimulia.

Sasa mapendekezo, ambayo naomba yajadiliwe na kupigiwa kura. Naomba katiba iongezwe kifungu kwamba hakuna shughuli itakayoidhinishwa mpaka kamati ijue nani atakayerudi kuitazama baada ya mwezi, baada ya masika, na baada ya mwaka, na sehemu ya fedha za shughuli itengwe kwa ajili hiyo tangu mwanzo. Fedha hizo zipo: zinakwenda kwenye fulana na mabango yenye tarehe ambayo mwaka unaofuata hayafai tena. Bango moja la kitambaa lisilo na mwaka litatutosha. Napendekeza pia shehia jirani zipewe viti viwili katika kamati tendaji, na kimoja kati ya hivyo kiwe cha mwanamke. Na tununue vyombo vyetu wenyewe, kwani kila tunapoazima tunaunyima mtaa vyombo vyake.

Ada za mwaka hazijalipwa na wanachama wengi, na mhazini atawasomea majina. Sitagombea tena, kwa sababu naingia mwaka wa mwisho na mazoezi ya kufundisha. Daftari la zamu za mkondo, pamoja na ratiba ya bamvua mpaka mwezi wa Machi, nimelikabidhi kwa katibu. Zamu ya kwanza ya muhula ujao bado haina mtu wa upande wa chuo. Atakayekubali ajiandikishe leo kabla ya uchaguzi kuanza.